Mwalimu Albano Nandonde na Vijana Wawili wa Dawati Moja

Mtu tuliyemleta hapa Chang'ombe leo, Jumatatu tarehe 10 Juni 1957, ni Mwalimu Albano Nandonde. Wengi wenu mliujua mkono wake kabla ya kujua jambo jingine lolote juu yake, kwa sababu ndio uliowashika kidole na kuwaongoza kuandika herufi ya kwanza mchangani. Mkewe, Mama Rosalia, ameomba wasifu huu usomwe wote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida familia huyaacha nyumbani. Amesema mumewe katika miaka yake ya mwisho hakupenda kusifiwa, na angependa watu wajue kwa nini.

Mwalimu Albano alizaliwa Lukuledi, Masasi, mwanzoni mwa mwaka 1904, akabatizwa tarehe 14 Februari mwaka huohuo. Baba yake, Mzee Nandonde, alikuwa mchongaji wa vinu na vigoda. Vita vya Maji Maji vilipofika kwao, mama alimbeba Albano mgongoni wakakimbilia porini, na kaka yake Marselino, aliyekuwa ameshaanza kutembea vizuri, alikwenda kwa miguu akishika pindo la nguo ya mama. Huyo Marselino ndiye aliyemlea Albano kwa namna ambayo kaka hulea. Alimfundisha kutega ndege, akamwonyesha sehemu za mto zenye kina. Baada ya vita ya Wajerumani kwisha, baba alitaka mtoto mmoja tu aende skuli ya mapadre. Marselino alikataa kwenda peke yake, akasema atakwenda na mdogo wake au hatakwenda kabisa. Ndivyo Albano alivyopata skuli.

Walikaa darasa moja, na mwaka 1922 wakafanya pamoja mtihani wa kuchagua vijana wa kusomea ualimu. Albano, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alishinda. Marselino alishindwa. Nyumbani kulichinjwa mbuzi, na aliyeishika miguu ya mbuzi yule wakati wa kuchinja alikuwa Marselino. Kabla mvua hazijaanza akaondoka kwenda kukata mkonge mashamba ya Lindi. Alirudi mwaka 1926 akikohoa damu, akafia nyumbani kwa mdogo wake, ambaye wakati huo tayari alikuwa mwalimu mwenye mshahara na kitanda cha mbao. Mwalimu Albano hakuwahi kusimulia kifo hicho kwa urefu. Alimwambia mkewe tu kwamba siku ile alijua mtihani ni kitu gani: kuna wanaovuka na kuna wanaobaki, na wanaobaki hufa. Alikuwa kijana alipofikia uamuzi huo, na alikaa nao muda mrefu sana.

Alihamia Dar es Salaam mwaka 1931, akapewa kazi katika skuli moja ya Temeke. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa Pwani, wenyeji wa hapahapa, pamoja na watoto wa watu waliotoka kusini kama yeye. Alikuwa mwalimu mzuri, nasi hatusemi hivyo kwa sababu amekufa. Hesabu alizifundisha kwa korosho alizoletewa kutoka kwao. Mwenye jibu sahihi alikula korosho zake, mwenye jibu la makosa alizirudisha. Siku moja darasa zima lilipata jibu sahihi, naye akarudi nyumbani na mfuko mtupu, anacheka peke yake njiani hadi watu wakamtazama. Mwaka 1933, tarehe 22 Aprili, alifunga ndoa na Rosalia, binti wa fundi mwashi wa Chang'ombe, na Mungu akawapa watoto wawili, Eufrazia na Marselino.

Fimbo hakuipenda. Kilichoogopwa kwake ni mdomo. Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipofika, aliwakusanya wanafunzi uwanjani na wazazi wao wakasimama nyuma, kisha akayasoma kwa sauti, na kila jina akaliongezea neno. Aliamini anawasaidia. Aliamini maneno yale yatamfanya aliye darasa la saba asilale usingizi.

Januari mwaka 1941 yalisomwa majina ya vijana wawili waliokaa dawati moja. Mmoja alikuwa Nassibu, mtoto wa Mzee Mwishehe, fundi wa majahazi, na mkewe Bi Chausiku. Nassibu alishinda kuliko wote. Mwalimu alimsimamisha juu ya kiti ili waliokuwa nyuma wamwone, akasema, "Huyu sasa ndiye Temeke. Nyie wengine mtakuja kumwomba kazi." Mzee Mwishehe alilia mbele za watu.

Wa pili alikuwa Marijani, ambaye baba yake Mfaume alishafariki, na mama yake Bi Hamisa alimlea kwa kuuza vitumbua. Marijani alishindwa, na kwa mbali. Mwalimu alimtazama yule mama, si mtoto, akasema, "Bi Hamisa, mtafutie jembe. Kalamu imemkataa." Wengine walicheka. Bi Hamisa alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili ya siku ile.

Mwezi ule haukwisha Marijani akatoweka. Bi Hamisa alikwenda skuli, akasubiri nje mpaka watoto wakatoka, akamwamkia Mwalimu kwa adabu ijapokuwa umri wao haukupishana sana. Aliyoyasema mama huyo, Mwalimu Albano aliyarudia nyumbani kwa mkewe jioni ile, na kwa miaka iliyofuata aliyarudia bila kuulizwa.

"Mwalimu, mie sikuja kukulaumu," Bi Hamisa alisema. "Nauliza tu. Uliposema jembe, ni jembe la wapi? Nikamtafute huko."

Mbele ya macho yake alimwona kaka yake akielekea Lindi, na safari hii aliyempeleka alikuwa yeye.

Tangu hapo likizo za Mwalimu Albano hazikuwa likizo. Wenzake walikwenda kusalimia kwao, naye alikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya njia ya Morogoro, kwenye machimbo ya mawe, kwenye makambi ya wakata kuni, akiuliza kama kuna kijana wa Temeke mwenye kovu kwenye nyusi. Mama Rosalia alimfungia mihogo ya kuchoma kwenye kitambaa, na hakumzuia. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akalala bila kula. Kwao Lukuledi hakwenda, na baba yake, Mzee Nandonde, alizikwa mwaka 1946 yeye hayupo.

Mahali pamoja hakutia mguu. Hakwenda kwa Bi Hamisa. Alibadili njia yake ya kwenda kanisani ili asipite barazani kwake. Ipo siku, mwaka uleule wa 1941, Bi Hamisa alionekana akija skuli tena, anatembea haraka, kichwani amejitwika kikapu. Mwalimu alimwona kupitia dirishani, akawapa watoto kazi ya kunakili, akatokea mlango wa nyuma. Bi Hamisa alisubiri, akaacha vitumbua vimefunikwa mezani, akaondoka. Mwaka uliofuata alihamia Buguruni. Mwalimu aliviona vile vitumbua akadhani ni sadaka ya mtoto aliyekufa, na hakuweza kuvila.

Kwa upande mwingine, alipenda sana kupita kwa Mzee Mwishehe. Nassibu alikuwa amekwenda sekondari bara, na kila Mwalimu alipopita alimwuliza Bi Chausiku habari za kijana. Bi Chausiku alimwambia anaendelea vizuri. Baadaye akamwambia amemaliza, ameajiriwa ofisi kubwa Nairobi, kazi nyingi, hapati ruhusa. Mwalimu aliondoka pale kifua kimepanda kidogo. Alimwambia mkewe kwamba akifa, Mungu akimwuliza habari za Marijani, angalau atakuwa na Nassibu wa kumwonyesha. Mzee Mwishehe alipofariki mwaka 1950, na Nassibu hakuonekana mazikoni, Mwalimu Albano ndiye aliyesimama akawaambia watu wasimlaumu kijana, mtu mwenye kazi kubwa hawezi kuiacha kwa siku moja.

Hata hivyo kuhusu matokeo alikuwa amebadilika. Hakuyasoma tena uwanjani. Alimwita kila mtoto na mzazi wake kivyao, akafunga mlango, akawaambia walichopata na nini kinaweza kufanyika. Walimu wenzake walimcheka kwa kupoteza muda. Naye hakuacha kuwafundisha watoto kwa ajili ya mtihani, tena kwa bidii kuliko zamani. Hakuwahi kusema mtihani ni kitu cha bure. Alijua vizuri ni nani amepata kazi serikalini na ni nani anabeba mizigo bandarini. Alichoogopa ni mdomo wake mwenyewe.

Mwezi Agosti mwaka 1951 Mama Rosalia alimtuma Buguruni kununua nazi. Akiwa anazichagua, mtu mmoja mnene mwenye kanzu safi alimshika bega kwa nyuma, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Mwalimu aligeuka akaona kovu kwenye nyusi. Nazi zilimdondoka.

Alikuwa Marijani, mwenye duka la nafaka na mkokoteni wa kuletea machungwa na mkaa kutoka Pugu. Alimkalisha Mwalimu juu ya gunia, akaagiza chai. Mwalimu hakuigusa. Alimwomba radhi palepale sokoni, mbele ya wachuuzi, kwa yale maneno ya jembe. Marijani alimsikiliza hadi mwisho, uso wake ukionyesha kwamba anajaribu kukumbuka.

"Jembe?" aliuliza. "Mwalimu, mie siku ile nilifurahi. Nilijua skuli imekwisha. Nilikwenda kwa mjomba wangu Kilosa, na sikumuaga mama kwa sababu angenizuia. Baada ya miezi michache nikamletea habari, na Idi zote nilikuja. Mama mwenyewe alikuja kukwambia. Alisema hakukukuta, akakuachia vitumbua."

Bi Hamisa alikuwa hai, anakaa hatua chache kutoka pale, na siku hiyohiyo alimpikia Mwalimu chakula. Alipoambiwa habari za mashamba ya mkonge na miaka yote ile, aliweka mwiko chini akamtazama kwa huruma, akamwuliza kwa nini hakuja tu kupiga hodi. Mwalimu Albano alimwambia aliona haya. Hilo lilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimwuma, kwa sababu aliyemzuia asipate habari njema kwa miaka kumi hakuwa mtu mwingine.

Wakati wa kuagana Marijani alimsindikiza hadi njia kuu, akasita, kisha akasema neno ambalo alikuwa ameombwa asiliseme.

"Kama unatafuta mtu wa kumwomba radhi, Mwalimu, nenda Pugu. Uliza Sadallah, mkata kuni. Jina lake si hilo. Ni Nassibu."

Mwalimu alimwambia haiwezekani, Nassibu yuko Nairobi. Marijani akamweleza. Nassibu alishindwa mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka 1942. Kwa elimu aliyokuwa nayo, ofisi yoyote ya mjini ingempokea ukarani, kushindwa kule kusingemzuia. Alipanda treni kurudi nyumbani. Ilipofika stesheni ya Pugu, ya mwisho mwisho kabla ya Dar es Salaam, akashuka. Alitaka kupumzika kidogo apange maneno ya kumwambia baba yake. Hakupanda tena. Aliingia msituni kukata kuni za reli, akafuga ndevu, akajipa jina jingine. Marijani alimtambua kwa sababu walikaa dawati moja, naye akamwapisha asiseme.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Albano alitoka misa ya kwanza akapanda treni kwenda Pugu. Alimkuta Nassibu ameketi nje ya kibanda akinoa shoka. Nassibu alipomwona alisimama, akaweka mikono nyuma kama alivyofundishwa darasani, akamwamkia.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mwalimu alisema.

"Kwa lipi, Mwalimu? Mie ulinisifu."

"Kwa hilo."

Nassibu alisema bila hasira, "Ungenitukana ningerudi. Marijani alitukanwa, na kila Idi yuko kwa mama yake. Mie uliniambia ndiye Temeke. Sasa Temeke inarudije na karatasi ya kushindwa? Nilisema nitarudi nikishapata kitu cha kumwonyesha baba. Bado sijapata. Baba hajambo?"

Mwalimu Albano alikuwa ametangaza habari nyingi katika maisha yake, na kila mara alikuwa na neno la kuongezea. Siku ile hakuongeza neno. Alimwambia kwamba baba yake amefariki, mwaka jana. Kisha, kwa kuwa aliona hana haki ya kuficha, akamwambia pia kwamba yeye mwenyewe alisimama pale kaburini akamtetea kwa sababu ya kazi kubwa ya Nairobi. Nassibu aliuliza nani alisema yuko Nairobi. Akaingia kibandani, na Mwalimu akabaki nje kwenye jua akimsikia analia. Alipotoka alikuwa amevaa shati. Walirudi wote wawili kwa miguu kwa njia ya Pugu, kwa sababu Nassibu alikataa treni, wakatembea mpaka walipoona minazi ya Temeke.

Bi Chausiku alikuwa barazani anachambua mchele. Alimshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, akamwingiza ndani. Baadaye alitoka peke yake, akaketi karibu na Mwalimu. Nairobi, alisema, haikuwapo. Hawakuwahi kupata habari yoyote ya mtoto wao tangu mwaka 1942.

"Kila ulipopita hapa, Mwalimu, uliniuliza habari zake, na macho yako yalikuwa yananiomba nikwambie jema. Nikakwambia jema. Mume wangu naye akalishika hilo, tukaogopa hata kwenda kumwuliza mtu, tusije tukaonekana waongo. Ndivyo alivyokufa."

Mwalimu alifika nyumbani akamweleza mkewe yote, akakaa kitandani na viatu vyake. Alisema kwamba alikuwa amezunguka nchi akimtafuta mtoto ambaye hakupotea, na aliyempoteza kweli alikuwa umbali wa kituo kimoja tu cha treni, na hata siku moja hakuwa amemwombea.

Nassibu hakurudi msituni. Alipata kazi ya ukarani katika karakana moja hapa Chang'ombe, na aliyemwajiri hakuuliza habari za mtihani wa 1942, alitazama tu mwandiko wake ukoje. Alioa mwaka 1954. Mwalimu Albano alifurahi kwa ajili yake na hakujisamehe. Baba yake Nassibu hakuwepo kuyaona hayo, na kila furaha ya kijana ilimkumbusha hilo.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1955, miguu ikivimba na pumzi ikikatika. Alistaafu mwishoni mwa mwaka uliofuata. Madaktari wa hospitali ya serikali walisema ni moyo, wakampa dawa, wakamwambia apumzike. Marijani alileta machungwa kila mkokoteni ulipotoka Pugu. Nassibu alikuja kila alipotoka kazini, akamwinua, akamweka mto, akamsomea gazeti. Na kila mara, kabla hajaondoka, Mwalimu alimwomba radhi upya.

Jioni moja ya mwezi Mei Nassibu alimjibu kwa upole, "Mwalimu, nimekusamehe mara nyingi mpaka nimechoka. Leo tuzungumze habari nyingine." Akaanza kumsimulia juu ya mtoto wake anayeota meno, jinsi anavyouma kila kitu, hata kiatu. Mwalimu alitabasamu, akauliza mtoto anaitwa nani. Akaambiwa Mwishehe. Nassibu alipotoka, Mwalimu alimgeukia mkewe akasema, "Amechoka kunisamehe. Hata hilo nimemtwisha." Baada ya hapo hakumwomba tena. Mama Rosalia anasema alimwona mara kadhaa akifungua mdomo Nassibu akiwa pale, kisha akaufunga, akamwuliza habari za meno ya mtoto.

Alifariki nyumbani kwake jana, Jumapili ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 1957, watu wakiwa kanisani. Mama Rosalia alikuwa naye, amemshika ule mkono.

Ameacha mjane, Rosalia, watoto, Eufrazia na Marselino, wajukuu watatu, na ndugu wa ukoo wa Nandonde walioko Lukuledi, ambao habari hii bado iko njiani kuwafikia. Baada ya watoto wake, Mama Rosalia ametaka yasomwe pia majina ya Marijani Mfaume na Nassibu Mwishehe, ambao wamelibeba jeneza tangu nyumbani. Nassibu amesema hana la kuongeza.

Mungu ampe Mwalimu Albano msamaha ambao sisi tulimpa naye hakuweza kuupokea, na alale salama.